Kibali cha Kupiga Picha Sanamu?

Makamanda, Jumamosi nilikuwa Posta na kamera ya kuazima, napiga picha Sanamu ya Askari pale Samora. Imesimama hapo tangu 1927, kila mtalii anayo kwenye simu yake. Askari wawili wakanijia: "Kibali kiko wapi? Nani kakutuma?" Halafu likaja lile swali lenyewe: "Wewe chama gani?" Pembeni yangu mzungu anapiga zake, hakuna aliyemgusa.

Nikauliza, kibali kwa sheria ipi? "Unajifanya mjuaji, sio?"

Tuelewane. Ipo Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na kuna maeneo yanayolindwa. Kambi ya jeshi siigusi. Lakini sanamu ya katikati ya mji? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kutoa habari. Na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekukamata akuambie kosa lako, na akichukua kitu chako kwenye upekuzi akupe stakabadhi.

Sasa mimi hawakunikamata wala kunipekua. "Tunakuhoji tu." Dakika 40, kamera wameishika wao. Ujanja uko hapo: hakuna maandishi, hakuna jina la askari, huna cha kumpelekea hakimu. Ukisimamishwa, uliza mapema na kwa heshima: "Afande, niko chini ya ulinzi au naweza kwenda?" Mimi nilichelewa. Picha zilishafutwa zote, pamoja na za mahafali ya mdogo wangu.