Moshi wa Dar es Salaam uchunguzwe, jiko lisibebeshwe lawama zote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu hewa chafu ya Jiji la Dar es Salaam. Huenda wapo watakaouliza mwalimu wa kijijini anatafuta nini katika moshi wa mjini. Mkaa wa mjini unatoka kwetu, na hewa chafu inapozungumzwa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mchoma mkaa na mama lishe.

Sitetei mkaa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, ninauunga mkono. Lakini je, jiji linachafuliwa na jiko peke yake? Na magari makuukuu ya dizeli? Na takataka zinazochomwa uani, na vumbi la mitaa isiyo na lami?

Wataalamu wanayo njia ya kuvitenganisha vyanzo hivi. Hewa huvutwa kwa pampu kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio kikapimwa uzito, kisha chembe zilizonaswa zikachunguzwa maabara. Udongo hujulikana kwa silikoni na alumini, chumvi ya bahari kwa sodiamu na klorini, dizeli kwa masizi meusi, kuni na majani yanayochomwa kwa potasiamu. Potasiamu imo pia katika udongo, ndiyo maana hukusanywa vichujio vya siku nyingi, masika na kiangazi, ndipo hesabu zipigwe. Zamani risasi iliyokutwa kwenye vichujio ilifichua petroli, na petroli ya namna hiyo ikaachwa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwisho wa 2005.

Vile vipima-hewa vidogo vya bei nafuu husema vumbi ni kiasi gani tu, havisemi limetoka wapi. Na kiasi chenyewe si cha kupuuza: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha chembe laini kwa mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo.

Nawaomba wahusika waweke vichujio Kariakoo, Mbagala na Pugu kwa mwaka mzima, matokeo yatangazwe kwa Kiswahili, na hadi hapo mama lishe wasifukuzwe barabarani kwa kisingizio cha moshi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.