MSIMAMIZI SI MRITHI!

Ndugu wanakijiji,

Miaka nenda miaka rudi vijana wetu wanapanda basi kwenda Kariakoo. Wanaanza na meza Mtaa wa Kongo, mwisho wanashika fremu. Kisha mmoja anafariki. Tunachanga, tunaleta maiti, tunazika, tunaondoa tanga. Halafu kimya! Mjane anakabidhiwa begi la nguo na simu iliyopasuka kioo.

Jamani, bidhaa zilikwenda wapi? Na kilemba cha fremu? Na fedha za benki, za kwenye simu, na madeni ya daftarini?

Mwaka huu yamemkuta mjane wa mwanachama mwenzetu, mwenye watoto wanne. Ndugu wa marehemu kaja na karatasi ya kikao cha ukoo, eti mali zote ni zake sasa. Wazee wakapiga makofi. Sisi wa gazeti hili tulikuwepo, tukanyamaza. Leo hatunyamazi.

Kikao cha ukoo hupendekeza tu. Anayeteua msimamizi wa mirathi ni mahakama. Na msimamizi si mrithi! Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwagawia wenye haki. Kwa kanuni za Mahakama ya Mwanzo, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa lazima apeleke orodha ya mali na madeni yote kwenye Fomu Na. 5, kisha hesabu kwenye Fomu Na. 6. Asiyepeleka, mrithi ana haki ya kumshtaki hapo hapo mahakamani aondolewe. Mbona hatuulizi?

Wengine wanasema kuuliza mali ya marehemu ni tamaa. Uongo! Tamaa ni ya yule anayekula jasho la marehemu huku yatima wamekosa daftari za shule. Huyo ni kupe, hata akiwa ndugu wa damu.

Njia ni hii:

1. Kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, mpate cheti cha RITA. Bila cheti hakuna mlango utakaofunguka.

2. Shauri hufunguliwa kule marehemu alikokuwa na makazi. Aliyekuwa akiishi Kariakoo, shauri lake ni la Dar es Salaam. Mwaka 2021 kilianzishwa Temeke Kituo Jumuishi cha mahakama kwa mambo ya ndoa na mirathi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu; nyingine huenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu.

3. Barua ya usimamizi ndiyo ufunguo wa benki, NSSF na kampuni za simu. Kama kuna nyumba au kiwanja chenye hati, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati mjue kimeandikwa jina la nani.

4. Asipokuwepo wa kusimamia, au ndugu wakigombana, Kabidhi Wasii Mkuu wa RITA anaweza kuombwa kusimamia.

5. Msimpe kishoka hata senti. Anayewadaka nje ya ofisi na kusema "nitawasaidia haraka" anajisaidia mwenyewe.

Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021. Ghorofa liliporomoka pale tarehe 16 Novemba 2024 likaua watu. Kifo hakipigi hodi. Na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunataka mambo mawili kwenye mkutano ujao. Moja, ushirika utoe nauli ya mjane huyu na mwanachama mmoja wa kumsindikiza mpaka mahakamani. Pili, lifunguliwe daftari la vijana wetu walioko mjini: mtaa, fremu, benki, na mtu wa kuulizwa.

Anayepinga aje asimame mkutanini aseme, asinong'one kilabuni.

Kamati ya Gazeti la Ukutani