Vyombo Vingi, Mikono Michache

Nanometa moja ni sehemu moja katika bilioni ya meta. Unywele wa mtu, pamoja na wembamba wake wote, una upana upatao nanometa 80,000. Chuo cha utafiti kinachojitolea kuuchunguza ulimwengu mdogo kiasi hicho hujitwika dhamira kubwa. Sina ugomvi na dhamira hiyo. Ugomvi wangu ni na wale wanaoiandika kwa maandishi ya dhahabu mlangoni, wakaijaza nyumba vyombo vya thamani, kisha wakawasahau watu watakaovitumia.

Rai yao ni hii: vyombo kwanza, watu baadaye. Husema kuwa hadubini ya elektroni ikiisha kununuliwa, wataalamu watakuja wenyewe kama nyuki wafuatavyo ua. Rai hii ni tamu masikioni, lakini ni kosa. Nyuki hakufundishwa kufyonza ua. Mtu hana budi kufundishwa kuitumia hadubini, na kufundishwa zaidi kuitunza. Chombo kikiharibika na fundi hayupo, hufunikwa kitambaa kikamngoja mgeni kutoka ng'ambo, na dhamira ya chuo hungoja pamoja nacho.

Historia ya elimu hii yenyewe inawakanusha. Mwaka 1981, Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya kampuni ya IBM karibu na Zurich, walifanikiwa kuunda hadubini iliyowawezesha wanadamu kupambanua atomu juu ya uso wa kitu. Mwaka 1986 walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Lakini makala waliyoitoa mwaka 1982 ina majina manne, si mawili: pamoja nao wametajwa Christoph Gerber na Edmund Weibel, ambao mikono yao ilishiriki katika kukiunda chombo hicho. Wala Gerber hakuachwa kivulini. Alishirikiana na Binnig na Calvin Quate katika kuivumbua hadubini nyingine, na mwaka 2016 wote watatu walipewa Tuzo ya Kavli. Huko ndiko kumwendeleza mtumishi: jina lake kuandikwa, na njia ya kupanda kuachwa wazi mbele yake.

Tanzania nayo ina shahidi wake. Maji ya chemchemi na visima vingi kandokando ya mlima Meru hubeba floraidi itokayo katika miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Yapo maji huko yanayopita kiasi hicho mara kadhaa. Mtoto akuaye kwa kuyanywa huota meno ya rangi ya kahawia, na madhara yakizidi hata mifupa hupinda. Askwar Hilonga, mwana wa kaskazini ya nchi hiyo, alikwenda Korea ya Kusini kusomea teknolojia ya nano. Alirejea akafundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, akabuni chujio linalounganisha mchanga na maada za nano. Mwaka 2015 chujio hilo lilimpatia tuzo ya uhandisi kwa Afrika itolewayo na taasisi ya kifalme ya wahandisi wa Uingereza. Mchanga ulikuwako tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu aliyesomeshwa, akarudi, akapewa mahali pa kufanyia kazi.

Watajibu kuwa wasomi wakisomeshwa hukimbia. Ni kweli, baadhi hawarudi. Lakini na tuulize waliorudi walikuta nini. Wako waliokuta meza bila kemikali, cheo bila kazi, na mkubwa anayehesabu siku za kuhudhuria asijali kilichotendwa katika siku hizo. Anayemfukuza mgeni kwa njaa hana haki ya kumlaumu kwa kuondoka.

Wala wasitudanganye kwa semina ya siku mbili, posho ya siku tatu, na cheti cha kutundika ukutani. Hayo huwafurahisha watumishi, hayawaendelezi. Kama dhamira ni ya kweli, chombo kisinunuliwe bila ya fedha ya kuwafundisha mafundi wawili wa kukitunza. Fundi naye awe na ngazi za kupanda kama mwalimu, na jina lake liwemo katika makala iliyotokana na jasho lake. Na kila anayepelekwa kusoma ng'ambo akutwe na kazi inayomngoja, si kiti tu.

Hayo yatapunguza idadi ya vyombo vya kuwaonyesha wageni siku ya ufunguzi. Na vipungue. Mama wa Meru anayemchotea mwanawe maji asubuhi haulizi chuo kina hadubini ngapi. Anauliza kama maji hayo yatamharibu mtoto. Chuo kisichokuwa na mtu wa kumjibu hakijaanza kazi yake, hata kama majengo yake yamekwisha kupakwa rangi.