Kope za Anasa na Kope za Mkulima

Limezuka katika miji yetu tabaka la watu ambao wakijitazama katika kioo huona adui. Adui mwenyewe ni kivuli chini ya jicho. Ili kumfukuza, hulipa daktari bingwa ayafyonze mafuta ya tumbo au paja kwa sindano, ayachuje, kisha ayachome kidogo kidogo kuzunguka jicho, kope zipate kujaa kama za kijana. Sehemu ya mafuta hayo mwili huyala baada ya miezi michache, na mteja hurudi kulipa tena.

Tunaambiwa fedha ni zao na nyuso ni zao. Wasiloambiwa wateja ni kwamba mafuta yakipenya katika mshipa wa damu yanaweza kufika kwenye mshipa unaolilisha jicho na kulipofusha, na upofu huo ni nadra kurekebishika. Tena, mkono unaoishika sindano ile si mali ya mteja. Umefundishwa kwa kodi ya mkulima wa alizeti.

Naye mkulima huyo kope zake zina habari nyingine. Twende Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Dodoma. (Kwa Kiswahili mkiwa ni mtu asiye na wa kumtegemea, wenyeji huenda wana maana yao.) Katika ukanda huu mkavu wa kati, trakoma, yaani vikope, imejulikana kwa vizazi vingi. Vijidudu vyake huenezwa na vidole, vitambaa na inzi. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, ukope wa juu hufanya makovu kwa ndani, hujikunja, na nywele zake huligeukia jicho. Kila kupepesa ni mkwaruzo. Kina mama, kwa kuwa ndio walezi, huumia zaidi. Huzing'oa nywele hizo kwa kibano, nazo huota upya kama visiki.

Azithromycin, inayogawiwa bure nchini tangu mwaka 1999, imepunguza sana maambukizo, lakini kovu la miaka ya 1980 halifutwi na kidonge. Linahitaji kisu. Muuguzi aliyefunzwa huukata ukope, akaugeuza nje na kuushona, kwa ganzi tu, katika muda usiofika saa moja. Shirika la Afya Duniani lilitaka ugonjwa huu ukomeshwe ifikapo 2020. Sasa linasema 2030.

Aliyeungua moto anamhitaji bingwa, na huduma ya upasuaji rekebishi iliyoanzishwa Mloganzila mwaka 2023, ikimfikia huyo, isifiwe. Lakini bingwa aliyesomeshwa na umma, akafungua chumba cha urembo mjini, adaiwe siku zake kila mwaka katika zahanati za Mkiwa na kwingineko: awafunze wauguzi, na azishone mwenyewe zile kope zilizojikunja tena baada ya upasuaji wa kwanza, kwani hizo ndizo ngumu.