Hela ya Chupa Irudi

Ndugu zangu wa nyumbani Tanzania,

Nawaandikia kutoka Hamburg kuhusu makopo ya maji yanayoziba mitaro yetu kila masika. Tulianza na mifuko: ile ya plastiki, rambo, ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, niliunga mkono, na hadi leo naunga mkono. Lakini mzigo ulimwangukia nani? Mfuko aliotoa bure muuza genge ukageuka bidhaa ya kununuliwa, na faini ya kukutwa na rambo ikaanzia shilingi 30,000. Kwa mama lishe, huo ni mtaji.

Huku Ujerumani, tangu mwaka 2003, makopo yanakwenda na sheria ya namna nyingine. Ukinunua maji au soda kwenye kopo la kutupa, unaongeza senti 25 za euro. Ukilirudisha, unapewa senti zako zote. Unalitumbukiza kwenye mashine ya supamaketi, inasoma alama, inatoa karatasi, unaipeleka kwa keshia. Wafanyabiashara waliipinga sheria hiyo hadi mahakamani, na hoja walikuwa nayo: mashine ni ghali na makopo matupu yanajaza stoo. Mwanzoni kulikuwa na vurugu, maana baadhi ya maduka yalipokea makopo ya aina yao tu. Mwaka 2006 mwanya huo ukazibwa: anayeuza ya plastiki apokee ya plastiki, hata kama yalinunuliwa kwingine. Duka lisilofika mita za mraba 200 likapunguziwa, lipokee ya chapa linazouza tu.

Kopo likiachwa barabarani halikai, kuna atakayeliokota. Mara nyingi ni mzee wa pensheni ndogo, na inaniuma kumwona akipekua pipa. Lakini angalau bei ya kopo lake inajulikana kisheria. Waokota makopo wetu wa Dar es Salaam wanauza kwa kilo, kwa bei anayoitaka mnunuzi.

Na jambo lenyewe si geni kwetu. Chupa ya soda ya kioo, usipokwenda na tupu, unaacha hela dukani. Chupa zile zinarudi bila mgambo wala faini.

Nawaomba wabunge wetu waiingize plastiki kwenye utaratibu huo. Mteja aache hela ya chupa, kiwanda kilazimike kupokea makopo yake, na mwenye duka alipwe kwa kuyatunza. Kabla kanuni za utaratibu huo hazijasainiwa, wamwite Mangi mwenye duka na muokota makopo, wawasikilize.