Kapu la Mvuvi na Kabati la Maabara: Utunzaji wa Zana za Mshipi Chomboni

Katika shule zetu za sekondari kutu hufundishwa kwa msumari. Mwalimu hutia misumari mitatu katika mirija mitatu ya kioo, mmoja mahali pakavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta, na mmoja katika maji ya kawaida. Baada ya juma moja wanafunzi huandika hitimisho walilokwisha kulisoma kitabuni. Sina ugomvi na msumari. Lakini mwanafunzi wa Kilwa, wa Pangani, wa Mkoani au wa Lamu hupita kila asubuhi mbele ya vyombo vilivyopwelewa ufukoni, na ndani ya vyombo hivyo mna kapu la ndoana, mishipi, chubwi na waya, lenye kemia na fizikia nyingi kuliko kabati la maabara ya shule yake. Maoni yangu ni kwamba namna ya kupanga na kutunza zana hizo ni jambo la sayansi, na kwamba kulidharau kunatugharimu samaki, fedha, na mara nyingine viungo vya watu.

Nianze na kupanga, maana wapo wanaodhani kuwa mvuvi wa ngalawa hana utaratibu. Tazameni jinsi kamba ndefu yenye ndoana nyingi, ambayo wavuvi wa pwani huiita dhulumati, inavyowekwa chomboni. Kamba kuu hukunjwa duara juu ya duara ndani ya kapu au dumu lililokatwa, na kila ndoana hutundikwa ukingoni kwa zamu yake, bila kurukwa hata moja. Iliyoingia mwisho ndiyo itakayotoka kwanza. Utaratibu huohuo hutumiwa na wataalamu wa kompyuta kupanga kazi katika kumbukumbu za mashine, nao wavuvi hawakungoja kompyuta ibuniwe. Ndoana mbili zikibadilishana nafasi, tawi la moja hupita chini ya tawi la nyingine, na kamba inapokwenda majini kwa kasi fundo hujikaza. Anayejaribu kulizuia kwa mkono huweza kuvutwa ndoana ikiwa kiganjani mwake. Jeraha la ndoana ni dogo kwa nje na refu kwa ndani, na viini vya pepopunda hustawi mahali pasipo oksijeni, yaani hasa katika kina cha jeraha la namna hiyo. Kwa sababu hiyo ndoana iliyolegea sakafuni mwa chombo chenye watu waliovua viatu ni hatari, wala si suala la unadhifu tu.

Uzito nao una mahali pake. Nanga, chubwi na dumu la maji ya kunywa hukaa chini na katikati, ili kitovu cha uzito kiwe chini. Kisu hukaa pale ambapo mkono utakifikia gizani. Haya baharia yeyote anayajua, nami sitayarefusha.

Adui mkubwa ni chumvi. Kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi mbalimbali. Ndoana ikitolewa majini na kuachwa ikauke, hubaki na vumbi jeupe, na mwenyewe huiona kuwa ni kavu. Usiku ukiingia mambo hubadilika. Chumvi ya kawaida, yaani kloridi ya sodiamu, hunyonya mvuke wa hewani na kuyeyuka yenyewe mara unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Kloridi ya magnesiamu, ambayo nayo imo katika chumvi ya bahari, huanza kuyeyuka unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Katika pwani yetu unyevu wa usiku huvuka asilimia 75 mara kwa mara. Basi ndoana ile “kavu” hulowa usiku pasipo mtu kuimwagia maji, na kulowa kwenyewe ni kwa maji ya chumvi kali kuliko ya bahari, yapitishayo umeme vizuri na kuharakisha kutu.

Hasara yake hupimika. Kutu huila ncha kwanza. Ikiwa ncha yenye nusu kipenyo cha milimita 0.05 imekuwa butu hadi kufikia milimita 0.1, eneo lake limeongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika ili kutoboa imeongezeka mara nne vilevile. Chewa mwenye taya gumu ataitema. Tena kutu huchimba vishimo vidogo katika pindo la ndoana, na mkazo wote hukusanyika katika vishimo hivyo. Ndoana huvunjika wakati ambapo samaki ni mkubwa, maana hapo ndipo mkazo unapozidi. Mvuvi husema bahati imemkataa. Amekwisha kulipia mafuta ya mashine na chambo, amekesha usiku kucha, na sababu ya hasara yake ni jambo ambalo mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kulieleza.

Tiba yake si ya gharama. Nusu lita ya maji ya pepo, hata ya mvua, yatosha kusuuza ndoana za safari nzima. Kisha zianikwe kivulini penye upepo, kisha zipakwe mafuta ya nazi kidogo sana. Karibu asilimia 90 ya asidi za mafuta ya nazi ni zile zilizoshiba, na kwa hiyo hayachachi upesi kama mafuta mengine ya mimea. Wazee waliopaka mbao za vyombo sifa, yaani mafuta ya papa, walikuwa wakifuata kanuni hiyohiyo ya kuzuia maji yasifike mahali yasipotakiwa. Anayehofu kuwa harufu itamfukuza samaki aifute ndoana kwa kitambaa kabla ya kutia chambo.

Hapa nina neno juu ya masanduku ya plastiki yenye vyumba vidogo na kifuniko cha kubana, ambayo sasa huletwa na watalii na kuuzwa madukani. Niliyaona kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari katika nchi ya baridi, na nakiri kwamba wazo la vyumba ni zuri. Lakini kifuniko kinachozuia maji yasiingie huyazuia pia yasitoke. Hewa ya nyuzi 32 yenye unyevu wa asilimia 75 hubeba gramu 25 hivi za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa usiku hadi nyuzi 24 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 22 hivi, na kinachozidi hugeuka umande. Mwanafunzi makini atauliza: sanduku la lita 10 litatoa umande kiasi gani? Ni miligramu 30 na ushei tu. Naam, ni kidogo. Lakini kutu haihitaji zaidi ya utando mwembamba wa maji, na kama ndani pamefungiwa mshipi uliolowa au kitambaa cha kufutia mikono, akiba ya maji haiishi. Nikiambiwa nichague, nitachukua kapu la ukili kwa safari ya siku moja, kwa sababu hupitisha hewa, na sanduku nitaliacha nyumbani kwa kuhifadhi zana zilizokwisha kusuuzwa na kukauka kabisa.

Vyumba vya sanduku vina faida moja ambayo watengenezaji wake hawaitaji sana. Hutenganisha metali. Katika jedwali la kemia zinki ina volti -0.76, chuma -0.44, risasi -0.13 na shaba +0.34. Metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri, na ile iliyo chini katika hesabu hiyo ndiyo inayoliwa. Kwa hiyo ndoana ya chuma iliyotupwa katika kopo moja na chubwi za risasi na viungo vya shaba ya njano huoza upesi kuliko ikiwa peke yake, ilhali ndoana iliyopakwa zinki hulindwa, kwa kuwa zinki huliwa badala yake. Ndugu mwalimu, weka msumari kando kwa muhula mmoja. Chukua ndoana tatu za aina moja zisizopakwa kitu: moja iachwe hivyo, moja izungushiwe waya wa shaba, moja ifungwe pamoja na kipande cha zinki, zote zitiwe katika maji ya bahari, na wanafunzi waandike wanachokiona kila siku kwa siku 14. Wale ambao baba zao ni wavuvi wataipeleka habari nyumbani bila kuagizwa.

Mshipi wenyewe una mambo yake. Nailoni ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Kabla yake mishipi ilikuwa ya pamba na nyuzi nyingine za mimea, nayo isipoanikwa juani ilioza kwa viini. Nailoni haiozi hivyo, lakini mazoea ya kuiacha juani yamebaki ingawa sababu yake imekwisha, na jua ndilo linaloidhoofisha, kwa kuwa miale ya urujuanimno huikata minyororo ya molekuli zake. Mahali pa mshipi ni kivulini. Asidi nayo huivunja nailoni: anayevua kwa taa za betri ya gari asiweke mishipi karibu na betri hiyo, maana tone la asidi ya salfa huacha mahali dhaifu pasipoonekana kwa macho. Kuhusu kuviringisha, hesabu ni nyepesi. Mshipi wa unene wa milimita 1 ukizungushwa kwenye kijiti cha milimita 20, upande wake wa nje hunyooshwa kwa asilimia 5 hivi. Ukizungushwa kwenye kopo la milimita 150, hunyooshwa kwa chini ya asilimia 1. Ule wa kijiti hukaa na mikunjo yake na kujisokota majini. Kopo kubwa ni bora.

Vipande vilivyokatika virudi pwani pamoja na mvuvi. Vikibaki baharini, kasa hunaswa navyo, na kwa kuwa haviozi huendelea kunasa kwa miaka mingi.

Limebaki suala la risasi, ambalo naliona kuwa zito kuliko yote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia kwa urahisi, na chubwi huweza kusubiwa uani, mara nyingine kwa risasi ya betri kuukuu, watoto wakitazama. Vumbi na moshi wa kazi hiyo huingia mwilini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Uingereza ilipiga marufuku chubwi ndogo za risasi mwaka 1987 kwa sababu ya kufa kwa ndege wa majini. Nashangaa kwamba sisi hatujalijadili vya kutosha kwa sababu ya watoto. Betri isivunjwe nyumbani kamwe. Chubwi zikae katika mfuko wake, mbali na mihogo na mikate ya safari, wala zisibanwe kwa meno. Anayeweza kutumia chuma atumie chuma. Uzito wa risasi ni mara 11.3 ya uzito wa maji, wa chuma ni mara 7.9, ukitoa uzito wa maji ya bahari yanayosukumwa kando, chubwi ya chuma yenye ujazo mara moja na nusu ya ile ya risasi huvuta mshipi kwa nguvu ileile. Itashika kutu, lakini kutu yake haimpi mtoto sumu, na kwa kuwa ni chuma kwa chuma inaweza kukaa chumba kimoja na ndoana.