Jiko Linalotoa Maji

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo dogo la nyumbani ambalo nusura livunje urafiki wa watu wawili, nami nililiona kwa macho yangu. Ni habari ya maji jikoni. Si maji ya mtungini, bali yale yanayotokea pasipotakiwa: juu ya meko, chini ya meko, na ukutani.

Mzee mmoja wa milimani, upande wa Tarime, alijenga jiko jipya. Lile la zamani lilikuwa la nyasi. Hili akaliezeka kwa mabati, akalikandika vizuri pasibaki hata ufa, akaliwekea kidirisha kimoja kidogo, kwa ajili ya baridi na kwa ajili ya wezi. Fundi akalipwa nusu ya ujira wake, nusu ya pili akaahidiwa baada ya mavuno.

Mwezi wa Juni, masika yamekwisha, mkewe akaanza kulalamika. Kila asubuhi akiwasha moto, maji yanamdondokea kichwani, meusi kama wino, na mengine yanaingia katika uji wa watoto. Mzee akapandwa na hasira. "Fundi ameniharibia mabati! Amepiga misumari ovyo. Haoni hata shilingi moja tena." Fundi naye akajibu kwamba kazi yake ni safi, na kwamba ana watoto wanaongoja karo. Mwisho watu wale wawili, waliokua pamoja tangu utoto, wakaacha hata kusalimiana.

Nilipoingia mle jikoni alfajiri nilitoka nikikohoa, machozi yakinitiririka. Nikamwuliza mzee neno moja tu: "Mvua ilinyesha lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Yapata majuma matatu."

"Basi, mzee wangu, paa linavuja nini?"

Akanyamaza. Ndugu msomaji, wewe ungejibuje?

Maji yatoka wapi?

Maji yale yalitoka katika moto wenyewe. Usicheke. Chukua sufuria ya maji yanayochemka, funua mfuniko wake, utazame upande wa ndani: umejaa matone. Mvuke ukigusa kitu cha baridi hurudi kuwa maji. Sasa bati lililolala nje usiku kucha katika baridi ya milima yetu ndilo mfuniko, na jiko lako ndilo sufuria.

Wala mvuke hautoki katika chungu peke yake. Kuni zenyewe zina maji. Mti uliokatwa leo, mara nyingi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Mzigo wa kilo 20 za kuni mbichi waweza kubeba kama lita 10. Hata kuni iliyokauka kabisa, kila kilo moja ikiungua hutoa kama nusu lita ya maji, yakiwa mvuke ndani ya moshi. Kwa hiyo kila moto hutoa maji. Tofauti ni kwamba kuni mbichi hutumia nguvu zake kujikausha kwanza, hata ukahitaji mzigo mkubwa zaidi kwa chungu kilekile.

Mbona jiko la nyasi la bibi zetu halikudondoka hivyo? Kwa sababu nyasi hupumua. Moshi na mvuke hupenya polepole na kutoka, tena nyasi hazipoi upesi kama bati. Bati halipitishi kitu. Mabati ni mazuri, lakini anayeyaezeka hana budi kuupa moshi njia nyingine ya kutokea.

Hata huko Ulaya na Marekani, ambako watu hupasha nyumba zao joto kwa tanuri la gesi, mafundi huitwa kwa sababu hiyo hiyo: maji yametuama chini ya tanuri. Mara nyingi ni mvuke wa moshi uliopoa, na mrija wa kuyatoa umeziba. Moto ni ule ule.

Jinsi ya kupima

Kabla ya kumlaumu mtu, pima. Maji yakidondoka siku za mvua tu, mahali pamoja, chini ya msumari au maungio ya bati, paa linavuja: mwite fundi. Yakidondoka siku za kiangazi pia, hasa alfajiri moto unapowashwa, mahali pengi, yakiwa meusi au ya rangi ya chai, ni mvuke na masizi.

Tena kuna maji ya aina ya tatu, yanayotoka chini. Majivu ya meko hulowa, na kuta huota weupe wa chumvi karibu na sakafu. Hayo huonekana sana kwa nyumba zilizo chini ya mteremko, na mahali penye udongo mweusi unaoshika maji. Kama huna hakika, tandika kipande cha nailoni sakafuni, mbali kidogo na meko, ukigandamize kingo zake kwa udongo, ukiache siku moja au mbili. Kikilowa upande wa chini, maji yanatoka ardhini. Kikilowa upande wa juu, yanatoka hewani.

Dawa yake

Kwa maji ya chini, chimba mtaro upande wa juu wa jiko, maji ya mlimani yapite pembeni. Inua sakafu kwa changarawe na udongo ulioshindiliwa, na meko uyajenge juu ya msingi mkavu. Jiko la udongo likilowa, usiliwashie moto mkubwa siku hiyo hiyo, litapasuka. Liache likauke, kisha uanze kwa moto mdogo. Wala usiokote mafiga mtoni, si Mto Mara wala kijito chochote. Jiwe lililokaa majini hunywa maji, na moto ukilishika laweza kupasuka kwa kishindo na kumchoma mtoto aliyeketi karibu.

Kwa maji ya mvuke, anza na kuni. Zipasue, uzipange chini ya upenu juu ya magogo mawili, hewa ipite. Zile za masika zianikwe tangu Januari, si kungoja Machi mvua iko mlangoni. Funika chungu chako: maharagwe yataiva mapema, na mvuke utapungua.

Kisha upe moshi mlango. Acha nafasi juu kabisa, kati ya ukuta na paa, pande mbili zinazoelekeana, uizibe kwa wavu au fito kama unaogopa wezi. Mwenye uwezo ajenge dohani. Lakini lisiguse nyasi wala mbao, liwe na kofia juu ya kuzuia mvua, na pale linapopenya bati pazibwe vizuri. Tena lisuguliwe masizi mara kwa mara.

Hatari iliyo kubwa kuliko maji

Nimeyaacha haya mwisho kwa kuwa ndiyo makubwa. Maji yale meusi ni mjumbe. Yanasema: hewa ya nyumba hii haitoki. Ikiwa mvuke umekosa njia, moshi nao umekosa njia, na unaingia katika vifua vya mama na watoto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Zaidi ya hayo, usiku wa baridi wako watu wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga mlango walale. Usifanye hivyo kamwe! Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha hulala asiamke. Ukiona dalili hizo, watoe watu wote nje penye hewa safi upesi, uwapeleke hospitali. Afadhali blanketi la pili kuliko jiko la makaa chumbani.

Basi, yule mzee alifanyaje? Alitoboa nafasi chini ya paa pande mbili, na mama akaanza kuchagua kuni. Matone hayakwisha siku moja, lakini baada ya juma mbili mama aliniambia kwamba uji wake umekuwa mweupe tena, na mtoto mdogo hakohoi usiku kama zamani.

Mvua za vuli zilipoanza, mzee alisimama jikoni akiangalia juu muda mrefu. Halikudondoka hata tone. Siku ile ile alikwenda kwa fundi mwenyewe, bila kutuma mtoto, akamlipa nusu yake yote, akamwomba radhi. Fundi alizipokea fedha, akasema, "Mzee, karo imekwisha kupita, mtoto alirudishwa nyumbani mwezi mzima." Mzee hakuwa na jibu.

Ndiyo maana nimekuandikia. Kabla ya kuzuia ujira wa mtu, inua macho, uliza mvua ilinyesha lini.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.